Mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Tanzania

Mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Tanzania (maarufu kwa kifupi NGO) ni vikundi vya hiari vinavyoundwa na watu kwa manufaa ya jamii, bila kugawana faida na bila kuwa sehemu ya serikali wala ya chama cha siasa. Huendesha zahanati, shule, vituo vya watoto yatima, miradi ya maji, misaada ya kisheria, utafiti na utetezi wa haki. Upande wa Tanzania Bara yanasimamiwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2005 na kwa kiasi kikubwa zaidi mwaka 2019.

Swali moja limeyaandama mashirika hayo tangu enzi ya ukoloni: je, watu wanaokusanyika kwa jambo halali wana haki ya kuwa shirika, au wanapewa ruhusa ambayo aliyeitoa anaweza kuichukua? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine. Sheria za usajili, kwa upande wake, zinaanza na kibali. Migogoro mingi inayoelezwa hapa chini imetokea kati ya mambo hayo mawili.

Majina na maana

Katika mazungumzo ya kila siku neno "NGO" hutumika kwa karibu kila kundi lenye mradi na kibao cha barabarani. Kisheria si hivyo. Vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, vilabu vya michezo, taasisi za dini na vikundi vidogo vya kijamii vya kijijini au mtaani haviingii katika sheria ya mwaka 2002. Kila kimoja kina sheria yake au utaratibu wake. Neno pana zaidi ni asasi za kiraia (AZAKI), linalojumuisha NGO pamoja na makundi hayo mengine.

Inafaa pia kuelewa maana ya "kutotafuta faida". Shirika la aina hii linaruhusiwa kulipa mishahara, kuuza huduma na kubaki na akiba mwisho wa mwaka. Lisichoruhusiwa ni kugawa akiba hiyo kwa wanachama au waanzilishi. Kosa la kudhani kwamba watumishi wa NGO hawapaswi kulipwa ni la kawaida sana, na limezaa manung'uniko mengi yasiyo na msingi.

Historia

Enzi ya ukoloni

Wakati wa utawala wa Waingereza vilikuwepo vyama vingi vya Waafrika: vya wakulima, vya watumishi wa serikali, vya makabila mijini, vya maziko na kusaidiana. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na African Association ilianza Dar es Salaam mwaka 1929.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili vyama, ambayo ilimpa Msajili mamlaka ya kukubali au kukataa. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa, na sheria hiyo ikawa rungu la kwanza lililotumika dhidi yake: usajili wa matawi yake ulikataliwa, hasa katika Jimbo la Ziwa, ambako chama kilizuiwa hadi mwaka 1958. Chama kilichoteswa na sheria hiyo ndicho kilichoshika serikali mwaka 1961. Sheria haikufutwa. Hadi leo ipo katika vitabu vya sheria za Tanzania kama Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337.

Enzi ya chama kimoja

Baada ya uhuru serikali iliona kwamba nguvu za wananchi zinapaswa kwenda pamoja chini ya chama. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa mwaka 1964 na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA. Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki (EAMWS) ilipigwa marufuku mwaka 1968, na BAKWATA ikaundwa. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976. Wanawake, vijana na wazazi walikuwa na jumuiya zao, lakini ndani ya chama.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Hawa hawakuwa wapinzani wa siasa ya ujamaa. Walianza kuishi na kulima pamoja huko Litowa, wilayani Songea, miaka kadhaa kabla ya Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu na kuwasaidia. Walikuwa na shule yao, mashine zao na mkutano wao wa vijiji uliotoa maamuzi. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua chama hicho kivunjwe, na mali zake zikachukuliwa. Kosa lao kubwa lilikuwa kufanya ujamaa bila kuagizwa na viongozi wa mkoa.

Kuongezeka baada ya mwaka 1985

Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilibadili mambo. Serikali haikuweza tena kugharimia huduma zote, na wazazi hawakuwa tayari kuona watoto wao wakiishia darasa la saba. Vyama vya maendeleo vya wilaya viliundwa, wenyeji wa wilaya waishio mijini wakachangishana, na shule nyingi za sekondari zikajengwa kwa njia hiyo. Kazi hiyo mara nyingi husahauliwa na wanaoandika kana kwamba NGO zililetwa Tanzania na wafadhili.

Wakati huohuo yalizaliwa mashirika ya utetezi. Baraza la mashirika hayo, TANGO, liliundwa mwaka 1988. Chama cha Wanahabari Wanawake (TAMWA) kilianzishwa mwaka 1987, Mtandao wa Jinsia (TGNP) mwaka 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) mwaka 1995 na HakiElimu mwaka 2001. Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992, na wengi waliamini kwamba mlango wa kushirikiana bila chama ulikuwa umefunguliwa moja kwa moja.

Kesi ya BAWATA

Imani hiyo ilijaribiwa mapema. Baraza la Wanawake Tanzania (BAWATA) lilianzishwa mwaka 1995 ili wanawake wapate chombo kisicho cha chama chochote, kwa kuwa UWT ilibaki kuwa jumuiya ya CCM. Wazo lenyewe liliungwa mkono mwanzoni na watu waliokuwa ndani ya CCM na serikali. Lilisajiliwa chini ya sheria ileile ya mwaka 1954, na mwenyekiti wake akawa Anna Tibaijuka, wakati huo mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995 BAWATA iliwaeleza wanawake mambo ya kuwauliza wagombea: maji, afya, mirathi, ardhi, ukatili majumbani. Ilisambaza maandishi ya kuwapima wagombea kwa mambo hayo. Haikumwambia mtu amchague nani. Hata hivyo mwezi Septemba 1996 ilisimamishwa, na tarehe 30 Juni 1997 serikali ikatangaza kuifuta. Ilidaiwa kwamba inaendesha siasa kama chama cha siasa, na kwamba haikutimiza masharti ya mikutano na hesabu.

BAWATA ilikwenda Mahakama Kuu na kupata zuio la muda. Kwenye karatasi, basi, baraza lilikuwa hai. Mikoani, wanawake waliokuwa wamejiunga waliogopa kuonekana kwenye mikutano ya kikundi ambacho serikali imekikataa, na shughuli zake zikafifia. Hukumu ilitoka mwaka 2009: Mahakama Kuu ilisema hatua ya serikali ilikwenda kinyume cha Katiba. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Mwenyekiti wake alikuwa Nairobi akiongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-HABITAT, na hapakuwa na baraza la kurejea kazini.

Kesi hii hutajwa mara nyingi kama ushindi wa uhuru wa kushirikiana, na kisheria ni kweli. Lakini inaonyesha pia kwamba shirika linaweza kushinda kesi na kufa. Anayesimamisha shirika hahitaji kushinda mahakamani; inatosha muda upite.

Sheria ya mwaka 2002

Hadi mwisho wa miaka ya 1990 shirika lingeweza kusajiliwa kwa njia tatu: kama jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, kama bodi ya wadhamini, au kama kampuni isiyo na hisa yenye ukomo wa dhamana. Baada ya Sera ya Taifa ya NGO ya mwaka 2001, Bunge lilitunga sheria ya mwaka 2002 ili kuwe na msajili mmoja, bodi ya uratibu, na baraza la mashirika yenyewe (NaCoNGO) la kutunga kanuni za maadili.

Shirika husajiliwa katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Waombaji huwasilisha katiba, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi wenye majina na saini, maelezo binafsi ya viongozi na anwani ya ofisi. Kwa shirika dogo la wilayani mtu wa kwanza kukutana naye ni afisa maendeleo ya jamii. Ofisi yake ndiyo inayotambulisha kikundi na kupokea taarifa zake, hivyo uhusiano na afisa huyo una uzito usioandikwa katika kifungu chochote.

Wanasheria na mashirika walilalamikia mambo mawili hasa. La kwanza ni jinai: anayeendesha NGO bila usajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtu akikutana na majirani kuwasaidia wajane, na asijue kwamba kikundi chake kimefikia kiwango cha kuitwa NGO, huenda yuko ndani ya kosa hilo. La pili ni rufaa. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hukata rufaa kwa waziri, yaani kwa mkuu wa wizara ileile inayosimamia mashirika.

Hata hivyo sheria ilitambua jambo moja muhimu: kwamba utetezi na ushawishi juu ya masuala ya umma ni kazi halali ya NGO. Wakati BAWATA inafutwa, hoja ya "siasa" haikuwa na mipaka. Kuanzia mwaka 2002 mpaka ukawekwa katika maandishi: kuzungumzia sera kunaruhusiwa, kufanya kazi ya chama hakuruhusiwi. Ugumu ukabaki katika kutafsiri. Mwaka 2005, baada ya HakiElimu kuchapisha tathmini ya mpango wa elimu ya msingi na kurusha matangazo ya redio na televisheni juu ya hali ya shule, Wizara ya Elimu ililizuia kufanya na kuchapisha utafiti kuhusu shule za Tanzania. Zuio hilo lilidumu zaidi ya mwaka. Waliokuwa wakifundisha katika shule hizo walijua wenyewe kama madawati yalitosha.

Marekebisho ya mwaka 2019

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3) ya mwaka 2019 ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa tarehe 27 Juni 2019. Ndani ya sheria moja yalibadilishwa mambo ya NGO, makampuni, jumuiya, wadhamini, takwimu, filamu na mengineyo, hivyo waliotaka kutoa maoni walikuwa na siku chache za kusoma mambo mengi.

Badiliko kubwa lilikuwa kufunga zile njia nyingine za usajili. Kampuni yenye ukomo wa dhamana ikafafanuliwa kuwa ya kukuza biashara, uwekezaji na mambo kama hayo. Jumuiya na wadhamini wakabakiziwa malengo yao mahususi. Mashirika ya utetezi na maendeleo yaliyokuwa yamesajiliwa kama makampuni kwa miaka mingi yalipewa miezi miwili kuhamia kwa Msajili wa NGO. Kwa mtazamo wa serikali, utaratibu huo uliondoa mkanganyiko wa shirika moja kuwa na vyeti viwili na kutoonekana na yeyote. Kwa mtazamo wa mashirika, kampuni ilikuwa na ulinzi wake: kuifuta kunahitaji hatua ndefu, na msajili wa makampuni hana desturi ya kuuliza kwa nini umeandika ripoti fulani. Kinga hiyo iliondoka.

Cheti kilichokuwa hakina mwisho kikawekewa muda wa miaka kumi. Msajili alipewa uwezo wa kuchunguza mwenendo wa shirika, kulitathmini kila robo mwaka, na kulisimamisha wakati shauri lake likisubiri uamuzi wa bodi. Mashirika yakatakiwa kutoa hadharani taarifa zao za mwaka za kazi na fedha. Katika hayo, sharti la mwisho ndilo lisilo na ubishi mkubwa. Shirika linalodai uwazi kwa halmashauri haliwezi kuficha hesabu zake.

Mabadiliko haya yalikuja katika kipindi ambacho nafasi ya kusema ilikuwa imebana. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza, baada ya kutoa matokeo ya utafiti wa maoni ya wananchi, iliandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikihojiwa kuhusu kibali, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa hatari. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2019, ndani ya marekebisho yaleyale yaliyobana NGO. Agosti 2020, miezi miwili kabla ya uchaguzi, akaunti za benki za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC) zilifungiwa na mtandao ukasimamisha kazi. Zilifunguliwa mwaka 2021.

Mimba za wanafunzi na ndoa za utotoni

Masuala mawili yanaonyesha vizuri kazi ya mashirika ya utetezi na hatari yake.

Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Mashirika kadhaa yalipinga. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwigulu Nchemba, alionya kwamba mashirika yanayowatetea wasichana hao yanaweza kufutiwa usajili. Hapo ndipo tofauti kati ya haki na ruhusa inapoonekana waziwazi: hoja ilikuwa ya elimu, jibu likawa la cheti. Yapo mashirika yaliyonyamaza. Mengine yalipeleka shauri kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki za watoto hao. Kabla ya uamuzi huo kutoka, tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alikuwa ameshatangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi.

Suala la pili lilianzia mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama, wakati mvulana alitakiwa kuwa na miaka 18. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua kesi ya kikatiba. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.

Mwezi uliofuata Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Ni katika mahakama hiyo ambapo LHRC, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Mchungaji Christopher Mtikila walishinda, tarehe 14 Juni 2013, kesi ya mgombea binafsi. Kuondolewa kwa tamko kulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020, na mlango ambao kwa basi uko karibu sana ukawa mbali.

Fedha

NGO nyingi kubwa za Tanzania huendeshwa kwa fedha za kigeni, na hapo ndipo zinaposhikwa. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza fedha hizo na matumizi yake kupitia vyombo vya habari, na kupeleka mkataba wake na mfadhili Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi ili uidhinishwe. Milioni 20 ni fedha kidogo katika hesabu za miradi: mshahara wa mtumishi mmoja wa kati, kodi ya ofisi na safari chache za wilayani huimaliza. Kwa hiyo sharti hilo linawagusa karibu wote wenye mfadhili.

Upande wa kodi, wengi hudhani NGO haitozwi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoa nafuu kwa taasisi ya hisani tu, yaani iliyoundwa kupunguza umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za umma kama afya, maji na barabara. Na taasisi hiyo lazima ipate uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA kwamba inastahili. Shirika la utetezi wa haki au la mazingira linaweza lisiingie vizuri katika maelezo hayo. Mfanyabiashara anayelichangia shirika la hisani anapunguziwa mapato yanayotozwa kodi, lakini kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato yake. Nafuu hiyo haijulikani sana hata kwa wafanyabiashara wenyewe.

Sababu nyingine ya ukaguzi mkali ni kanuni za kimataifa dhidi ya utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi. Tanzania iliwekwa katika "orodha ya kijivu" ya chombo kinachosimamia mambo hayo (FATF) Oktoba 2022 na kuondolewa Juni 2025. Pendekezo la 8 la chombo hicho linahusu mashirika yasiyotafuta faida. Linataka nchi iyakague yale yaliyo katika hatari ya kutumiwa vibaya, si yote kwa pamoja, ingawa afisa wa benki anayemdai mweka hazina wa kikundi cha yatima rundo la nyaraka hajui tofauti hiyo.

Pigo kubwa zaidi halikutoka Dodoma. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Mwezi Machi ilitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo likaacha kutoa misaada. Huduma za UKIMWI nchini Tanzania zilikuwa zimejengwa kwa zaidi ya miaka ishirini juu ya mpango wa Marekani wa PEPFAR, na kazi ya kuwafuatilia wagonjwa majumbani ilikuwa mikononi mwa mashirika. Watumishi waliambiwa wasimamishe kazi katikati ya mwezi. Dawa zilikuwa na namna ya kuendelea kupitia serikali. Mtu wa kubisha hodi kwa mgonjwa aliyeacha dawa hakuwa na bajeti nyingine.

Lawama za wananchi

Si malalamiko yote juu ya NGO yanatoka serikalini. Watu husema juu ya "mashirika ya mfukoni", yaani yenye cheti, muhuri na mwanzilishi mmoja, bila ofisi wala kazi. Husema juu ya semina za hotelini ambako posho ya washiriki huzidi kinachofika kijijini, na juu ya viongozi waanzilishi wasiotoka madarakani miaka ishirini huku wakidai ukomo wa uongozi kwa wengine. Lawama hizi zina ukweli wa kutosha kuzifanya hatua za serikali zipokewe kwa makofi, hata zinapolenga shirika lisilo na kosa hilo.

Ipo pia hoja kwamba mashirika yanayoishi kwa fedha za nje hujibu kwa mfadhili kuliko kwa mwananchi. Watanzania si wabahili: michango ya harusi, misiba na matibabu hukusanywa kila siku kwa simu, misikiti na makanisa hujengwa kwa sadaka na zaka. Lakini michango hiyo huenda kwa mtu anayejulikana au nyumba ya ibada. Ni mashirika machache ya utetezi yaliyojaribu kwa dhati kuomba shilingi elfu moja kwa mtu wa kawaida, na anayechangia elfu moja huwa na sauti ya kuuliza zilikwenda wapi.

Zanzibar

Mambo ya usajili wa mashirika si ya Muungano, hivyo sheria ya mwaka 2002 haifanyi kazi Zanzibar. Huko mashirika kwa muda mrefu yamesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya mwaka 1995. Shirika la Bara linalotaka kufanya kazi Unguja au Pemba hutakiwa kufuata utaratibu wa huko.

Nchi jirani

Nchini Kenya, Bunge lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma na Rais Mwai Kibaki akaitia saini Januari 2013. Mwaka huohuo kulikuwa na jaribio la kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa fedha za kigeni, ambalo wabunge walilikataa. Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2016 sheria ianze kutumika, lakini ilikaa kabatini hadi tarehe 14 Mei 2024. Wakati huohuo Mahakama ya Juu ya Kenya, tarehe 24 Februari 2023, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliamua kwamba bodi ya NGO ilikosea kukataa kupokea jina la shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Majaji walio wengi walisema haki ya kushirikiana ni ya kila mtu, hata katika nchi ambayo sheria ya jinai inakataza vitendo hivyo.

Nchini Uganda ofisi ya serikali ya NGO ilisimamisha mashirika 54 mwezi Agosti 2021, na mfuko wa wafadhili wa kukuza demokrasia (DGF) ulisimamishwa na Rais Yoweri Museveni mapema mwaka huohuo. Mwaka 2024 ofisi hiyo ilivunjwa na kazi zake zikaingizwa moja kwa moja katika Wizara ya Mambo ya Ndani, mahali ambapo usajili wa jumuiya za Tanzania ulikuwa wakati BAWATA inafutwa.